Uta Mkononi mwa Mtoto: Historia ya Mafunzo ya Kupiga Mishale Nyumbani

Afisa wa mipango aandikapo habari za malengo ya mwaka, na za walengwa watakaofaidika na fedha zilizotengwa, hakumbuki ya kuwa anasema maneno ya mwindaji. Kulenga ni kazi ya mtu aliyesimama kimya, chombo cha kurushia kikiwa mkononi, na jicho likiwa juu ya kitu kilicho mbali. Mlengwa wa kwanza hakuwa mtu wa kupewa msaada. Alikuwa swala au kanga, na bahati yake ilikuwa mbaya. Hali kadhalika asemaye kuwa mume fulani amefumaniwa atumia kitenzi kionekanacho kuzaliwa na kufuma, yaani kupiga na kupenya kwa kitu chenye ncha, kama vile mkuki au mshale. Mshale wenyewe umehamia kwenye uso wa saa na kwenye vibao vya barabarani, na upinde umebaki mbinguni baada ya mvua.

Hayo ndiyo yaliyosalia katika vinywa vya watu wengi. Maneno ya ndani zaidi yamepungua nguvu. Jina la kale la silaha hii ni uta, na wingi wake ni mata. Upinde ni neno la pili, nalo latokana na kitenzi kupinda. Kamba ya uta huitwa upote. Ufito wa mshale huitwa wano, na ncha yake ya chuma huitwa chembe, au kigumba ikiwa na miiba ya kuzuia isichomoke. Mfuko wa kuchukulia mishale ni podo au ziaka. Mshale nao una jina la zamani, mvi, ambalo kwa watu wengi wa leo ni nywele nyeupe tu. Mwanafunzi wa chuo aliyekulia mjini aweza kumaliza masomo yake bila kukutana na upote wala wano isipokuwa ndani ya kamusi.

Upungufu huu si kwa sababu uta ulikuwa kitu cha wageni. Neno uta ni la urithi wa kale wa Kibantu: Wakikuyu na Wakamba husema uta, Wanyanja husema uta, na Wabemba husema ubuta. Wanyanja huuita mshale muvi, nalo ni dada wa mvi ya Kiswahili. Neno shabaha, kwa upande mwingine, limekuja kwa Waarabu, na hilo limeenea popote bunduki ilipofika. Basi hali ya lugha ni hii: imeshika shabaha, imeachilia upote. Swali linalofuata ni la historia zaidi kuliko la sarufi. Maneno ya chombo hufa chombo kinapokosa mkono wa kukishika, na mkono wa kushika uta hauzaliwi ukiwa tayari. Hufundishwa tangu utotoni, na kwa kawaida hufundishwa nyumbani. Kwa hiyo, anayetaka kujua jinsi uta unavyoishi au unavyokufa hana budi kuchunguza mtoto aliupata wapi, aliupata kwa nani, na ni nani aliyemnyang'anya.

Pwani yenyewe ina ushahidi wake. Wareno walipoishambulia Mombasa mwaka 1505, habari walizoandika zataja wapiga mata miongoni mwa watu walioulinda mji. Kabla ya hapo, na kwa daraja ya juu zaidi, yupo Fumo Liongo, shujaa wa Pate na Ozi, ambaye habari zake zilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 na kutungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Katika kisa hicho uta ni kama kiungo cha mwili wa Liongo. Maadui walipopanga wapande mkoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wampige angali juu ya mti, yeye alichukua mshale akaangusha makoma akiwa chini, na hila ikavunjika. Mwishowe aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyeijua siri ya sindano ya shaba na kitovu. Naye Liongo, akiwa na jeraha la mauti, alikwenda karibu na kisima akapiga goti, akatia mshale katika uta, akafa katika hali hiyo. Na watu wakakaa siku nyingi bila maji kwa kuogopa uta wa mtu aliyekwisha kufa.

Wengi wamekisoma kisa hiki kama habari ya usaliti. Yafaa pia kisomwe kama habari ya urithi uliopotoka. Mtoto alipokea kwa baba siri ya kifo chake, lakini hakuna mahali kisa kinaposema kuwa alipokea uta. Uta ulibaki mikononi mwa maiti pale kisimani. Ujuzi usiopokelewa na mtoto hukaa na mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho, kisha watu hubaki wakiutazama kwa mbali.

Mfano wa kwanza wa kupimia jambo hili watoka mbali, nao ni Uingereza. Umechaguliwa kwa sababu huko mafunzo ya mtoto ya kupiga mishale yaliingizwa katika sheria ya nchi, na sheria hiyo ipo mpaka leo katika kumbukumbu zao. Jeshi la Waingereza wa zamani lilitegemea uta mrefu, na uta huo haukuweza kuvutwa na mtu aliyeanza kujifunza akiwa na miaka 20. Mwaka 1363 Mfalme Edward wa Tatu alitangaza kwamba watu wenye nguvu wajizoeze kupiga mishale siku za sikukuu na kuacha michezo isiyo na faida. Mwaka 1541, wakati wa Henry wa Nane, Bunge lilipitisha sheria iliyoingia mpaka ndani ya nyumba. Kila mwanamume mwenye watoto wa kiume nyumbani mwake, tangu umri wa miaka 7 mpaka 17, alilazimika kumpa kila mmoja uta na mishale miwili, na kumlea katika kazi hiyo. Akifika miaka 17 kijana mwenyewe alipaswa kuwa na uta na mishale minne. Mtu aliyepita miaka 24 alikatazwa kupiga shabaha kwa mishale myepesi kwa umbali wa yadi 220 au chini yake, maana umbali huo ulihesabiwa kuwa ni mchezo wa watoto.

Sheria hiyo hiyo ilipiga marufuku michezo mingi iliyokuwa ikiwavuta watu: kete, karata, mipira ya kuviringisha, na mengineyo. Hapa ndipo mwenye kusoma sheria za kale hupaswa kuwa mwangalifu. Sheria haiamuru jambo ambalo watu wote wanalifanya kwa hiari yao. Bunge lililomwamuru baba ampe mwanawe uta lilikuwa tayari limeona watoto wasio na uta. Kwa hiyo sheria ya 1541 haioneshi nguvu ya desturi hiyo. Yaonesha hofu ya wakuu kwamba desturi ilikuwa ikitoweka.

Jinsi desturi ilivyokuwa ilipokuwa hai yajulikana kwa njia nyingine. Mwaka 1549 Hugh Latimer, aliyekuwa askofu, alihubiri mbele ya Mfalme Edward wa Sita, na katikati ya mahubiri alikumbuka utoto wake. Alieleza kwamba baba yake, aliyekuwa mkulima, ndiye aliyemfundisha kuvuta uta, na kwamba alimfundisha kuutia mwili wote katika uta wala si kuvuta kwa nguvu za mikono peke yake. Alisema pia kwamba alinunuliwa mata kwa kadiri ya umri na nguvu zake. Kila alipokua, mata yake nayo yaliongezwa ukubwa. Maana yake ni kwamba mtoto yule hakupewa uta mmoja wa kumtosha maisha. Alipewa mfululizo wa mata, mmoja baada ya mwingine, na aliyejua wakati wa kubadilisha ni mtu aliyemwona kila siku. Kazi hiyo Bunge haliwezi kuifanya. Bunge laweza kutaja umri wa miaka 7 na 17, lakini haliwezi kuona kama bega la mtoto huyu limekomaa mwezi huu au bado.

Kadiri mafunzo hayo yalivyoingia mwilini imethibitishwa na bahari. Merikebu ya vita Mary Rose ilizama mwaka 1545, mwaka ule ule Roger Ascham alipochapisha Toxophilus, kitabu chake juu ya kupiga uta. Ilipoinuliwa mwaka 1982 ilikuwa imetoa mata mazima zaidi ya 130 na mishale kwa maelfu. Wataalamu waliopima mata hayo walikadiria kuwa mengi yalihitaji nguvu ya kuvuta ya ratili 100 na zaidi. Miongoni mwa mifupa ya mabaharia na askari waliozama nayo, imeonekana ya watu ambao mfupa wa ncha ya bega haukuungana kama kawaida, na wachunguzi wengi wamelihusisha jambo hili na kazi ya kuvuta uta mzito tangu mifupa ilipokuwa bado michanga. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi yaonekana hapa katika mfupa wenyewe.

Hata hivyo uta wa vita ulikufa Uingereza. Mwaka 1595 Baraza la Malkia Elizabeth liliamua kwamba mata yasihesabiwe tena kuwa silaha za askari wa mazoezi, bali wawe na bunduki. Sababu zilizotajwa na wanahistoria ni nyingi, lakini moja yahusu moja kwa moja makala haya: mtu aweza kufundishwa bunduki kwa majuma machache, bali mpiga uta hutaka utoto mzima. Taifa lililokwisha kupoteza utoto huo halikuweza kuununua kwa amri. Kilichofuata ni cha kushangaza kidogo. Uta haukutoweka kabisa. Uliendelea kama mchezo wa starehe, na mwaka 1781 Sir Ashton Lever na wenzake waliunda chama cha wapiga uta mjini London. Katika karne iliyofuata wanawake nao waliingia katika mchezo huo, na mwaka 1908 walishindana katika Olimpiki ya London. Chama cha dunia cha mchezo huu kiliundwa mwaka 1931, na uta ulirudi katika Olimpiki mwaka 1972 baada ya kukosekana miaka mingi. Leo katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani wazazi huenda na watoto wao uwanjani mwishoni mwa juma, na mwalimu humpa mtoto uta mwepesi kwanza, kisha mzito zaidi. Hawajui, pengine, kuwa wanafuata kanuni ya baba yake Latimer.

Mfano wa pili upo Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, katika nchi ya Wahadza. Hawa ni watu wapatao elfu moja na zaidi kidogo, na lugha yao ni ya peke yake, haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine. James Woodburn alianza kuishi nao kwa utafiti mwaka 1958, na baada yake wamekuja wachunguzi wengi, hata yawezekana kusema ya kuwa hakuna watoto wapiga uta waliotazamwa kwa makini kuliko hawa. Mtoto wa kiume wa Kihadza hupata uta wake wa kwanza angali mdogo sana, kabla ya umri ambao mtoto wa mjini huanza shule. Ni uta mdogo uliotengenezwa na mtu mzima au mtoto mkubwa, na mishale yake ni fito zisizo na chuma wala sumu. Watoto hupiga chochote: kibuyu kilichovunjika, kishina cha mti, ndege, panya, na baadaye pimbi. Hutoka kwa makundi bila mkubwa yeyote, na wanachokipata aghalabu hukila huko huko. Watoto wa kike nao hupata mti wa kuchimbia mizizi.

Wachunguzi wote wakubaliana katika jambo moja, kwamba hakuna darasa. Baba hamketishi mwanawe na kumweleza. Mtoto hutazama, huiga, hukosea, na wenzake humcheka. Uta wa mtu mzima ni kitu kingine kabisa. Nguvu ya kuuvuta hufika wastani wa karibu ratili 70, na mishale mikubwa hupakwa sumu inayopikwa kutokana na utomvu wa mdagu au mbegu za mmea wa jamii ya Strofanthasi. Sumu hiyo haiachiwi mtoto. Hivyo pana ngazi hapa pia, kutoka ufito mtupu mpaka mshale wa sumu, ingawa hakuna aliyeiandika. Na mshale ukikamilika haukai na mtu mmoja. Wanaume hucheza mchezo wa bahati uitwao lukuchuko, wakirusha vipande vya magome kwenye shina la mti, na mishale hupita kutoka mkono hadi mkono, mpaka mshale uliochongwa kambi moja waonekana katika podo la mtu wa kambi ya mbali.

Mwaka 2002 Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wapenda desturi hawatalifurahia kwa urahisi. Waliwashindanisha Wahadza katika kazi mbalimbali, pamoja na kupiga shabaha kwa uta. Walitaka kujua kama watoto waliopoteza miaka ya porini kwa kukaa shule za bweni wangeshindwa na wale ambao hawakutoka porini kamwe. Hawakushindwa. Katika kupiga shabaha na katika kuchimba mizizi, waliokwenda shule hawakuwa nyuma.

Jambo hili latakiwa kukabiliwa bila kuligeuza. Kama ni hivyo, yawezekana mtu akauliza, hasara iko wapi? Mtoto na aende shule. Uta atauokota arudipo. Lakini kilichopimwa ni kupiga shabaha iliyosimama. Kuwinda ni zaidi ya hapo. Mwindaji hana budi kujua unyayo wa leo na wa jana, mwelekeo wa upepo, mti gani wafaa kwa uta na upi kwa wano, sumu iliyopoa na iliyo hai, na jina la kila kimoja. Hayo ni elimu iliyofungwa katika maneno, na maneno hayo husemwa kambini na njiani, si bwenini ambako lugha ya mafunzo ni nyingine. Jaribio lile laonesha kuwa mkono hausahau upesi. Halioneshi kuwa ulimi nao hausahau. Jambo la pili ni kwamba waliorudi kutoka shule walikuta uta ungalipo: baba, kaka na rafiki wenye mata, na mahali pa kupigia. Shule iliwatoa porini kwa miaka kadhaa, lakini haikuliondoa pori. Mwaka 1964 na 1965 serikali iliwakusanya Wahadza wengi Yaeda Chini ili wawe wakulima, nao wengi wakarudi porini baada ya muda mfupi. Waliweza kurudi kwa kuwa palikuwa na pa kurudi. Ardhi ndiyo iliyokuja kupungua zaidi, na kwa sababu hiyo hati za kimila za ardhi zilizotolewa kwa baadhi ya Wahadza mwaka 2011 zina uzito kwa mwanafunzi wa lugha kama zilivyo na uzito kwa mwanasheria.

Mfano wa tatu ndio wenye majonzi. Nyuma ya pwani ya Kenya, katika nyika iliyo kati ya mto Tana na Tsavo, waliishi Wawaata, ambao majirani zao waliwaita Wasanye au Waliangulu. Lugha yao ina undugu na Kioromo. Hawa walikuwa wawindaji wa ndovu kwa uta, na mata yao yalikuwa makubwa kuliko ya majirani wote. Waandishi waliowaona wakivuta waliandika kuwa nguvu yake ilizidi ratili 100, sawa na mata yaliyotoka katika Mary Rose. Sumu yao ilipikwa kutokana na mti wa jamii ya Akokanthera mpaka ikawa nyeusi na nzito kama lami, kisha mshale ukafungwa kwa ngozi laini sumu isikauke. Dawa iliyomo katika mti huo huitwa wabaini, na matabibu wameitumia katika maradhi ya moyo. Kwa kipimo kikubwa huusimamisha moyo, hata wa ndovu.

Ujuzi wa namna hii hauanzi ukubwani. Uta wa ratili 100 watangaza kwamba nyuma yake pana uta wa ratili 80, na nyuma yake wa 50, na mwanzoni kabisa kijiti na kamba mkononi mwa mtoto. Ngazi ile ile ya Latimer na ya Wahadza ilikuwako nyikani.

Ngazi hiyo ilikatwa na sheria. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalitia sahihi mapatano ya London juu ya kuhifadhi wanyama, na sheria za uwindaji za makoloni zilifuata mkondo huo: bwana mwenye leseni na bunduki akawa mwindaji, na mwenyeji mwenye uta akawa jangili. Mwaka 1948 Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa, na sehemu kubwa ya nyika ya Wawaata ikawa ndani ya mipaka yake. Katika mwaka 1956 na 1957 palifanyika operesheni kubwa dhidi ya ujangili, wakiongozwa askari wake na David Sheldrick na wenzake. Wawindaji mashuhuri walikamatwa mmoja mmoja na kufungwa. Miongoni mwa ushahidi ulioweza kuwatambulisha ni alama ambazo kila mtu alichora juu ya mishale yake. Alama hizo ziliwekwa hapo mwanzo ili mwenye mshale ajulikane na apate haki yake katika nyama na pembe. Sasa ziligeuka kuwa saini ya kosa.

Haki yataka isemwe kwamba wasiwasi wa wahifadhi haukuwa wa bure. Biashara ya pembe ilikuwa imeingia nyikani, na ndovu wengi waliuawa ili pembe zao ziuzwe, si kwa ajili ya chakula tu. Waliokula faida kubwa ni wafanyabiashara waliokaa mbali na mishale. Wapo pia miongoni mwa wahifadhi wenyewe waliowastahi Wawaata, na mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana uliokusudiwa kuwapa nafasi ya kuishi kihalali kwa ndovu kando ya hifadhi. Mpango huo ulitoa kazi kwa baadhi yao, lakini haukuurudisha uta kwa watoto. Mwaka 1970 na 1971 ukame ulipoipiga Tsavo, maelfu ya ndovu walikufa kwa njaa, na wataalamu wakabishana vikali kama hesabu ya ndovu ingaliachwa kupanda kiasi kile. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Ujangili uliofuata ulikuwa wa bunduki, na bunduki haikuhitaji utoto wa mtu yeyote.

Mifano hii mitatu ikiwekwa pamoja yafundisha jambo ambalo kila mmoja peke yake hausemi. Huko Uingereza dola ilimwamuru mtoto ashike uta, na amri haikufaulu, kwa kuwa amri haiwezi kuchukua nafasi ya mtu wa nyumbani anayepima bega la mtoto. Eyasi hakuna aliyeamuru, na uta uliendelea, kwa kuwa kilichomvuta mtoto ni mchezo, na mchezo ulikuwa na mlango wa kuingilia katika riziki. Tsavo dola ilikataza, na katazo lilifaulu. Hapa pana tofauti yenye kutisha: serikali haina nguvu ya kuumba desturi ya nyumbani, lakini ina nguvu ya kuiua. Yatosha kumfunga baba kwa miaka michache ambayo mwanawe angepanda ngazi kutoka uta mdogo kwenda mkubwa. Mtoto huyo akikua hatakuwa na cha kumpa mtoto wake, na kizazi cha tatu hakitajua kwamba palikuwa na ngazi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba taifa lililopitisha sheria ya 1541 ndilo lile lile lililopeleka sheria za uwindaji Afrika ya Mashariki. Kwao baba aliyemnyima mwanawe uta alikuwa mkosaji. Nyikani baba aliyempa mwanawe uta na kumwonesha ndovu alikuwa mkosaji. Kati ya sheria hizo mbili kuna karne nne, na katikati ya karne hizo Waingereza wenyewe waligundua njia ya tatu: kuuacha uta uwe mchezo wa jamaa. Njia hiyo iliuokoa uta wao, pamoja na istilahi zake zote, baada ya vita kuuacha. Wawaata hawakupewa nafasi ya kuijaribu.

Hapa ndipo wanalugha wanapopata kazi yao. Mara nyingi mchezo wa watoto hudhaniwa kuwa ni mabaki ya mambo mazito, kana kwamba watu wazima wakiisha kuacha silaha watoto huiokota jalalani. Ushahidi waonesha kinyume. Mchezo wa mtoto ndio mbegu, na kazi ya mtu mzima ndiyo mti. Mbegu yaweza kudumu hata mti ukikatwa, bali mti haudumu bila mbegu. Mkusanyaji wa maneno anayekwenda kwa mzee peke yake, akimwuliza majina ya silaha za vita na uwindaji, hupata nusu ya msamiati. Nusu ya pili ilikuwa katika vinywa vya watoto: majina ya uta wa kijiti, ya mshale usio na ncha, ya kukosa shabaha kwa nyembamba, ya kumcheka aliyekosa. Maneno hayo hayaingii kwa wingi katika kamusi, na ndiyo ya kwanza kupotea, kwa sababu mtoto hukua na kuona haya ya kuyasema.

Mijini na vijijini mwa pwani watoto wa leo wana manati, nao huchonga pinde za vijiti wakicheza. Kila mwenye kuupita uwanja wa namna hiyo aweza kusimama na kusikiliza wanavyoziita sehemu zake. Yawezekana wakasema kamba tu badala ya upote, na kijiti badala ya wano; na yawezekana wamezua maneno mapya ambayo hakuna mtafiti aliyeyaandika. Katika hali zote mbili pana habari ya kuandikwa. Wahenga walisema mshale usio na nyoya hauendi mbali. Lugha ya uta imekwenda mbali, kutoka kwa Wabantu wa kale mpaka kwenye meza ya afisa wa mipango, lakini nyoya lake ni mtoto aliyelitamka neno akiwa na uta mkononi.